Spana mpya hutazamwa mdomoni

Jumamosi jioni, kazi zikipungua, kwenye gereji yetu hapa Ngamiani, Tanga, kuna utamaduni umejiotea wenyewe. Aliyepata kifaa kipya wiki hiyo anakuja nacho. Wanakuja vijana wa bodaboda, mafundi wa mashine za boti wanaoshinda ufukweni Deep Sea, dada mmoja fundi cherehani, na mwalimu mstaafu ambaye gereji hana ila ana Land Rover yake ya tangu enzi na mikono isiyotulia. Vifaa vinamwagwa juu ya gunia, vinashikwa, vinasifiwa, vinapondwa. Swali linaloniangukia mimi kila mara ni lile lile: "Fundi, hapa nimepata au nimepigwa?" Basi leo naandika namna ninavyotazama, nipunguziwe maneno.

Mng'aro siutazami. Kromu hukaa juu ya chuma kizuri na juu ya chuma kibovu, na maandishi ya Chrome Vanadium (jina la aina ya chuma kigumu) ubavuni hugongwa na yeyote mwenye chata. Mie natazama mdomo. Nikienda dukani natia mfukoni bolti mbili mpya, M8 na M10, yaani za unene wa milimita 8 na 10, ambazo vichwa vyake havijaguswa. Naivisha spana pale pale kaunta, naichezesha kushoto na kulia. Muuzaji akinuna, anune. Kichwa cha bolti kina kipimo chake kutoka ubavu hadi ubavu, na spana lazima iwe pana kidogo zaidi ili iweze kuingia. Ubora wote umejificha kwenye hicho kidogo. Ikiwa nafasi ni kubwa, spana haiushiki ubavu wa nati, inashika kona, na kona ndiko nati inakoanza kulika. Ukikaza mkono kona zinaondoka, nati inabaki duara, halafu tunaanza habari za tindo na nyundo.

Kwa soketi, kile kikombe kinachovishwa juu ya nati, geuza uitazame ndani kwenye mwanga. Zipo za pembe sita na za pembe kumi na mbili. Ya kumi na mbili inavishika upesi ukiwa unapapasa gizani, lakini inagusa nati karibu na kona. Kwa nati iliyoliwa na kutu, na hapa pwani nusu ya nati ndivyo zilivyo, mimi ni wa pembe sita. Soketi nzuri pia utaona pembe zake za ndani zimechimbwa kidogo kwa mviringo, hazikuachwa kali. Hiyo si urembo. Inailazimisha soketi isukume ubavu na kuiacha kona ipumue.

Kijana mmoja wa bodaboda alileta spana ya mtumba, KTC ya 12 kwa 14, imefubaa, haina hata alama ya kung'aa. Wenzake wakamcheka. Nikawaambia waivishe kwenye bolti. Kimya. KTC ni kampuni ya Kyoto iliyoanza mwaka 1950, na spana zake nyingi zilizopo mitaani kwetu zimeingia nchini zikiwa kwenye mifuko ya vifaa ya magari yaliyotumika Japani. Ukinunua mtumba wa namna hiyo kagua mambo mawili tu: midomo miwili ya upande wa wazi iwe sambamba, isiwe imetanuka kama imecheka, na shingo ya ringi isiwe na ufa. Spana iliyochomelewa usiichukue hata ya bure.

Na namba za spana ya kijana yule zilikuwa na akili. Kwenye Toyota nyingi, bolti ya M6 ina kichwa cha milimita 10, M8 ina 12, M10 ina 14, M12 ina 17. Magari ya Ulaya M8 hiyo hiyo inavaa kichwa cha 13, na M10 ni 16 au, kwa ya zamani, 17. Kwa hiyo anayeshughulika na Toyota tu anaweza kukaa muda mrefu 13 yake ikiwa mpya kabisa huku 10 zikimpotea kila siku. Ndiyo maana sishabikii masanduku yale ya vipande mia na kitu. Ukiyafungua yanapendeza, lakini ukihesabu utakavyovishika kweli havijazi viganja viwili. Vilivyobaki ni vichwa vya bisibisi vidogo vidogo vya skrubu ambazo hujawahi kukutana nazo. Niliwahi kununua sanduku la hivyo, racheti yake, ule mpini wa soketi wenye meno ndani, ikaanza kuruka meno kabla plastiki ya kufungia haijaondoka harufu. Siku hizi nanunua pisi moja moja, kwa namba inayonisumbua wakati huo.

Tukiwa kwenye racheti, vijana wanasifia meno. Hesabu yake ni nyepesi: duara lina nyuzi 360, gawa kwa idadi ya meno. Racheti ya meno 24 inataka uzungushe mkono nyuzi 15 ndipo ishike jino jingine. Ya 72 inataka nyuzi 5 tu. Fundi wa Hiace zile ambazo injini iko chini ya kiti, ambaye mkono wake hauna hata upana wa kiganja wa kuchezea, kwake hizo nyuzi 10 za tofauti ndizo kazi yenyewe. Kwa anayefungua magurudumu uwanjani, hazimsaidii kitu. Meno yakiwa mengi yanakuwa membamba, kwa hiyo racheti ya meno mengi usiifungulie nati iliyoganda, na bomba la kurefusha mpini usiitie. Nati ifumuliwe kwanza kwa mpini mrefu usio na meno, kisha racheti imalizie. Na soketi za kromu zisikaribie mashine ya upepo. Ile inataka soketi nyeusi za kromu na molibdeni, kwa sababu za kawaida zinaweza kupasuka, na kipande kikiruka hakichagui jicho la nani.

Sasa kifaa kilicholeta ubishi mkubwa kuliko vyote: Mwalimu alikuja na torki renchi, mpini unaopima nguvu ya kukaza, ile ya kutoa sauti ya "tiki" ukifika kipimo. Fundi pancha akaamkia, "Shikamoo Mwalimu," kisha akaongeza, "lakini hiyo ni ya wazungu, mimi mkono wangu unajua."

Tukapiga hesabu. Nati za magurudumu za Toyota ndogo nyingi, kichwa 21, kiwandani wameandika 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Chukua mpini wa nusu mita, maana yake usukume kwa uzito wa kama kilo 21 mwisho wa mpini. Ni nguvu ya mtu aliyesimama wima akavuta kwa mkono bila kukunja uso. Fundi pancha yeye anafanyaje? Anapanda juu ya spana, anarukaruka. Mtu wa kilo 80 akisimama tu, bila kuruka, mwisho wa mpini wa nusu mita, anaweka karibu 390 Nm. Ni mara nne kasoro kidogo ya kinachotakiwa. Hapo bolti inavutika, uzi wake unaanza kulala, na zikikazwa hivi hivi bila mpangilio sahani ya breki inaweza kupinda, ukikanyaga breki usukani unatetemeka. Baya zaidi ni la siku gurudumu linapopata pancha usiku njia ya Segera, dereva yuko peke yake na kispana kifupi cha gari. Ataning'inia mpaka alfajiri.

Fundi pancha hakukubali, lakini aliishika ile renchi akajaribu, na ilipopiga "tiki" mapema kuliko alivyotegemea akatuangalia kama tumemtania.

Mwalimu nilimwambia mambo machache, na wewe uliyenunua yachukue. Torki renchi si ya kufungulia, kamwe. Ukimaliza, rudisha kipimo kwenye namba ya chini kabisa ya kifaa ili springi isilale imebanwa. Usiitegemee kwenye sehemu ya tano ya mwanzo ya uwezo wake, kwa hiyo renchi ya hadi 200 Nm haifai kukazia vibolti vya 10 Nm vya kava la injini ya pikipiki. Vuta taratibu, ukisikia "tiki" acha, usiongeze "ya kuhakikisha". Na usipake oili kwenye uzi kama kitabu hakijasema. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia humezwa na msuguano, kati ya uzi na uzi na chini ya kichwa cha bolti. Kinachobaki kuvuta bolti ni kama sehemu moja ya kumi. Ukilainisha msuguano, renchi itasoma namba ile ile huku bolti ikivutwa zaidi ya ulivyokusudia.

Land Rover yake hiyo ni Series III, nayo ina maudhi yake: nati nyingi ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, na ubaya ndio huo kwamba inaingia. Ya 9/16 ni 14.3, kwa hiyo 14 haivai na 15 inapwaya. Robo tatu peke yake ni 19.05, hapo ya 19 unaweza kuitumia ukiwa na roho safi. Mwalimu ameanza kukusanya za inchi moja moja, na namuunga mkono.

Wanaotengeneza mitambo ya mashamba ya mkonge wana mtihani mzito kuliko huo. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashine zilizofuata baadaye kutoka Uingereza ziliacha bolti za Whitworth, kipimo cha Joseph Whitworth cha mwaka 1841. Uzi wake una pembe ya nyuzi 55 badala ya 60 tuliyoizoea, na spana iliyoandikwa 1/4 W haina maana ya mdomo wa robo inchi. Namba hiyo ni ya unene wa bolti. Mdomo wake ni kama milimita 13.3. Jamaa mmoja alizikuta seti hizo kwa muuza vyuma chakavu, zinauzwa kwa kilo. Hiyo kwangu ndiyo iliyokuwa ununuzi bora wa mwaka, na hakuna aliyeipigia makofi.

Bisibisi ndizo mafundi wanazozidharau, wanasema bisibisi ni bisibisi. Ya nyota tunayoijua ni ya Phillips, iliyopata hataza Marekani mwaka 1936. Skrubu za pikipiki za Japani za zamani, zile Honda XL na Yamaha DT za mabwana shamba, zina nyota inayofanana lakini imechongwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS. Nyingi utaona kinukta kimoja kidogo kichwani. Ukiweka Phillips ncha haifiki chini, ukizungusha inapanda na kuchana kichwa. Ncha ya JIS inazama yote. Kampuni ya Vessel ya Osaka inatengeneza hizo, na uzuri ni kwamba hata kwenye skrubu za Phillips zinashika vizuri.

Kwa watu wa boti shida ni nyingine. Injini ya Yamaha ya kuning'iniza nyuma ya boti ina gia chini, na oili yake inatolewa kwa skrubu ya mfereji mpana. Skrubu ya chuma cha pua ndani ya alumini, imelowa maji ya chumvi: metali hizo mbili zinaanza kulana, alumini inatoa unga mweupe, skrubu inaganda. Wanayokuja nayo ni bisibisi ya kugonga, unaiweka, unapiga nyundo juu, inajizungusha kidogo kwa kila pigo. Siri yake ni kwamba pigo lile lile linalozungusha ndilo linaloididimiza ncha isitoke mferejini. Ila ncha iwe na upana wa mfereji wote, ikiwa nusu utachana tu.

Dada wa cherehani anazinoa zake mwenyewe. Bisibisi bapa ya dukani ncha yake ni kabari, ila mfereji wa skrubu una kuta zilizosimama wima. Kabari inagusa mdomo wa mfereji peke yake na kuubomoa. Yeye anaisugua kwa tupa pande zote mbili mpaka ncha iwe sambamba, kisha anaijaribu ikae bila kucheza. Skrubu za Singer ya zamani zina uzi wa peke yake, ukiharibu moja utahangaika Tanga nzima.

Vyote hivyo adui yake hapa kwetu ni hewa ya bahari. WD-40, ile dawa ya kupulizia, inafukuza maji na ilitengenezwa kwa kazi hiyo, lakini inakauka, haikai kulinda kifaa mwezi mzima. Mie nafuta jasho la mkono kwanza, kisha nasugua kwa kitambaa chenye oili mpya ya injini, kidogo tu. Oili chafu iliyotoka kwenye injini usiipake, ina asidi. Na ile sponji nyeusi ndani ya sanduku jipya, itoe, inashika unyevu na spana zako zitaota kutu upande wa chini usiouona.