Laptopu inakula chaji: tunayoambiana mtaani na ukweli wenyewe

Nina meza yangu ya ufundi hapa Mwanga, Kigoma, mwaka wa tisa huu, na kila siku ya Mungu nasikia maneno yaleyale, fundi betri imekufa nibadilishie. Mtu hajakaa hata kwenye benchi. Na inaniuma kweli, maana wengi wakiweka hiyo betri mpya wiki mbili wamerudi na malalamiko yaleyale, hela imeenda na laptopu bado inakufa saa moja na nusu. Betri ni dumu la mafuta tu jamani, ukiona linaisha haraka angalia kwanza nani anachota.

Juzi kaja mwalimu wa sekondari, kasafiri kutoka Uvinza, hela ya betri kaishika mkononi kabisa. Nikamwambia mwalimu weka hela mfukoni kwanza, fungua mashine. Kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows unaandika cmd, linafunguka dirisha jeusi, unaandika powercfg /batteryreport unabonyeza enta, yenyewe inakuonyesha imehifadhi ripoti wapi. Humo tafuta namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ya mwalimu ilitoka na wati-saa 41, yaani inaweza kutoa wati 41 kwa saa moja, sasa inabeba 34. Hiyo haijafa, imechoka kidogo tu kama mtu wa makamo.

Alafu nikafungua HWiNFO, programu ya bure, inakuonyesha betri inatoa wati ngapi muda huohuo. Ikasoma wati 19, na mwalimu alikuwa anaandika mtihani tu! Sasa piga hesabu, 34 gawa kwa 19, hata saa mbili hazifiki. Tukaanza kupunguza kimoja kimoja huku yeye anaangalia namba. Mwanga wa kioo ulikuwa mwisho kabisa, tukashusha hadi karibu asilimia 40, ikawa wati 16. Modemu ya intaneti ilikuwa imechomekwa na hata bando halina, tukaichomoa, 14. Brauza ilikuwa na tabo 23 zimefunguliwa, moja ya matokeo ya mpira yenye matangazo yanayocheza video huko chini bila mtu kuangalia, tukafunga zote tukabakiza mbili na wati zikashuka mpaka 8 na nusu. Gawanya tena, 34 kwa 8.5, saa nne. Betri ileile. Mwalimu alinyamaza muda kidogo alafu akaniuliza, kwa hiyo fundi nilikuwa nakuja kununua nini? Nilimsafisha vumbi kwenye feni akalipa hiyo tu.

Na hilo la feni msilipite haraka. Vumbi la kwetu wakati wa kiangazi mnalijua, likiziba njia ya hewa mashine inachemka, feni inakimbia muda wote, na prosesa, ule ubongo wa mashine, ikiwa ya moto inavujisha umeme mwingi zaidi hata kwa kazi ileile. Ukiiweka juu ya godoro au blanketi ndo unaziba kabisa, tafuta hata ubao.

Haya, tuje kwenye mandhari nyeusi. Vijana wengi wanageuza kila kitu kiwe cheusi wakiamini chaji inapona, na wanabishana mpaka jasho. Sisi watu wa ziwani hili tunalielewa upesi. Wazee wetu wamevua dagaa kwa karabai, usiku ambao mwezi haupo, sasa chukua karabai inayowaka uifunike na ndoo, huku nje giza lakini ndani mafuta yanaungua vilevile. Kioo cha LCD, ambacho ndo kipo kwenye laptopu nyingi tunazotumia, kina taa nyuma inayowaka muda wote, ule weusi unaouona ni kizuizi kilichosimama mbele ya taa basi. Kinachopunguza matumizi ni kushusha taa yenyewe, yaani ule mwanga wa kioo. Kioo cha OLED ni habari nyingine, pale kila nukta inajiwakia yenyewe na penye weusi imezima, kwa hiyo mwenye OLED aweke nyeusi na atapata faida ya kweli. Jua kwanza chako ni kipi ndo ubishane.

Kuzima waifai na Bluetooth? Zima kama huzitumii, haina neno, ila zikiwa zimetulia hazili hata wati moja, usitegemee muujiza. Modemu ya USB ndo mlaji, tundu la kawaida la USB 2.0 linaruhusu mpaka wati 2.5, na huko vijijini mtandao ukiwa mbali modemu inapaza sauti kutafuta mnara, inakula zaidi. Wengine wanaona bora watumie simu, wanaiunganisha kwa waya wapate intaneti, wanasahau kuwa huo waya unachaji simu palepale. Yaani unanyonya laptopu kulisha simu! Kama laptopu ndo yenye kazi, tumia hotispoti ya waifai na simu ichajiwe kwingine, pawabanki au sola.

Kuna dhana nyingine ya kwamba mashine ikikimbia sana inamaliza kazi mapema kwa hiyo inaokoa. Ina ukweli kidogo kwa kazi fupifupi, lakini turudi kwenye karabai, ukiipampu sana mwanga unaongezeka kiasi ila mafuta yanaisha mbio. Prosesa ikipanda kasi inahitaji na volti kubwa zaidi, na matumizi yanapanda kwa volti mara volti, kwa hiyo ile kasi ya mwisho kabisa ndo ya ghali kuliko zote. Kwenye laptopu nyingi za Windows ukiingia kwenye setingi za umeme, sehemu ya prosesa, ukashusha kiwango cha juu kutoka 100 kwenda 99, kile kipandisha kasi kinazima kabisa. Moja tu hiyo! Kwa kuandika na kusoma hutaona tofauti na mashine itapoa mkononi. Kwa mashine zingine sehemu hiyo imefichwa, basi weka hali ya kuokoa betri, na usingoje chaji ishuke sana ndo iwake yenyewe, iwashe mapema ukijua leo umeme ni wa mashaka.

Zile programu za kusafisha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, na kuongeza betri, futa. Zenyewe zinakaa nyuma zinafanya kazi muda wote, na RAM inakula umeme iwe imejaa au iko tupu.

Video nazo. Mashine ya zamani haina sehemu maalumu ya kufungua video za mfumo mpya kama AV1, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote na feni inalia. Shusha ubora wa picha, au angalia faili uliyopakua ya mfumo wa H.264, hiyo karibu kila mashine inaifungua kwa wepesi.

Eti betri mpya ichajiwe masaa 12 kwanza, alafu uitumie mpaka ife ndo uchaji tena. Hii nimeisikia mpaka kwa mafundi wenzangu, na naomba sana tuiache. Ilikuwa sawa enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na hizi ndo zipo kwenye laptopu za leo, hazina ile kumbukumbu ya kuzoea chaji nusu, na kuziua hadi sifuri kila siku kunazizeesha. Chaji ukiwa na 30, ukiwa na 50, wakati wowote.

Na kuacha kwenye chaja? Haijazi kupita kiasi, saketi inakata ikifika mwisho. Tatizo ni betri kukaa 100 siku zote tena kwenye joto, hapo inachakaa. Laptopu nyingi za karibuni zina setingi ya kuishia 80. Mimi nawashauri wateja waweke 80 kwa siku za kawaida ukiwa ofisini karibu na soketi, na siku una safari au umetangaziwa umeme utakatika, jaza 100 usiku huo. Kwetu Kigoma tumeishi miaka mingi na majenereta ya dizeli tunajua maana ya giza, siwezi kumwambia mtu akae na 80 wakati kesho yake hana uhakika.

La mwisho ni la wasafiri. Watu wanafunika laptopu wanaitia begini wanasema nimezima. Hujazima, umeilaza, RAM bado inakula umeme kuhifadhi kazi zako, na mashine za siku hizi nyingine zikilala bado zinavuta mtandao, zinapokea meseji humohumo begini. Dada mmoja alipanda treni hapa akiwa na chaji imejaa, kafika Tabora asubuhi begi limekuwa la moto na laptopu imezima, na alikuwa anaenda kwenye usaili. Dawa yake ni haibaneti, inaandika kila kitu kwenye diski alafu inazima kweli. Kama huioni kwenye menyu, ingia setingi za umeme, pale pa kuchagua kitufe cha kuwashia kifanye nini, uitie tiki. Ukiwa bado stesheni bonyeza haibaneti, subiri taa zizime na feni inyamaze kabisa, ndo ufunge zipu ya begi.