Je, kigong'ota huua mti?

Wapo wanaoamini kwamba kigong'ota akianza kutoboa mgunga au mwembe wa uani, mti utakauka, kwa hiyo humfukuza kwa mawe. Imani hiyo inaeleweka: ndege huonekana kwanza, mti hukauka baadaye.

Kwa kawaida ugonjwa ndio hutangulia. Kigong'ota hufuata mabuu ya mbawakawa, sisimizi na mchwa waliokwisha kuingia, na kiota hukichimba mahali palipooza kwa kuwa ni laini.

Kagua mwenyewe. Kwangua gome la tawi kwa ukucha: chini pakiwa kijani na pana unyevu, li hai; pakiwa kahawia na pakavu, limekufa. Shinani tafuta unga wa mbao, vitundu vya wadudu na uyoga. Kijani pekee kisikutoshe, maana kiini huweza kuoza majani yakiwa bado mabichi. Gonga shina kwa nyundo. Likilia kama mtungi mtupu, lina uwazi ndani.

Tawi kavu lililo juu ya paa au njia likatwe. Lisilo na hatari, tafadhali liache: kwezi na ndege wengine wasioweza kuchimba hutaga katika matundu ya zamani ya kigong'ota.