Acheni kodi, tazameni boriti: saa moja kwenye mifereji ya Amsterdam

Hii hadithi ya kodi imenichosha. Abiria hawajakaa sawasawa, boti haijafika hata daraja la pili, na tayari yupo anayewaeleza wenzake: nyumba za Amsterdam ni nyembamba kwa sababu zamani watu walitozwa kodi kwa upana wa nyumba, kwa hiyo wakazijenga nyembamba ili wakwepe. Wenzake wanatikisa vichwa kukubali. Wameisoma mtandaoni, wameisikia kwenye video, na wapo waongoza watalii wenzangu wanaoirudia kwenye kipaza sauti safari baada ya safari. Juzi aliyeisema alikuwa mwalimu, na wanafunzi wake walikuwa wanaandika. Hapo nikaona na mimi niandike.

Kazi yangu ni kushika usukani na kueleza. Nyumba hizi nazitazama kutoka majini, kwa mwendo usiozidi kilomita 6 kwa saa, maana ndio unaoruhusiwa kwenye mifereji. Ni mwendo mzuri sana wa kutazama ukuta. Anayetembea kando ya mfereji yuko chini kabisa ya nyumba, tena anakwepa baiskeli. Aliye kwenye boti yuko mbali kidogo, ametulia, na anaiona nyumba nzima kuanzia ngazi ya mlangoni hadi kileleni. Sababu ya ule wembamba iko wazi pale pale mbele yake, lakini akishaambiwa ni kodi, haitafuti tena.

Mambo ya msingi nayapitia upesi. Mifereji mikubwa mitatu ni Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht. Ilianza kuchimbwa mwaka 1613 upande wa magharibi, na awamu ya pili, iliyoifikisha hadi mto Amstel na ng'ambo yake, ikafuata baada ya 1660. Singel ni wa zamani kuliko yote hiyo, ulikuwa handaki la ulinzi wa mji. UNESCO waliliingiza eneo zima kwenye urithi wa dunia mwaka 2010. Vilele vya nyumba vina mitindo yake, kuna vya ngazi, vya shingo, vya kengele, na kila kitabu cha wageni kinavieleza. Tuendelee.

Kodi sasa. Kodi ya majengo iliyopangwa upya Uholanzi mwaka 1632 ilikadiriwa kwa thamani ya pango la nyumba. Nyumba nyembamba ya ghorofa nne kwenye Herengracht pango lake lilikuwa kubwa, na kodi yake ilikuwa kubwa vilevile. Kuifinya mbele kusingemwokolea mwenyewe kitu. Punje ya ukweli iliyomo kwenye hadithi ni kwamba upana wa mbele ulikuwa ghali, kwa sababu ndipo mashua ilipofunga na mzigo uliposhuka. Lakini upana huo ulilipiwa wakati wa kununua kiwanja. Halmashauri ya mji ndiyo iliyokata viwanja kwa vipimo na kuvinadi, na kwenye Herengracht na Keizersgracht kipimo cha kawaida kilikuwa futi 30 za Amsterdam, karibu mita 8.5. Aliyetaka zaidi ya hapo alinunua viwanja viwili, na waliofanya hivyo hawakuwa wachache.

Sasa kwa nini futi 30, wala si 50 au 60? Hapa ndipo ninapotaka watu wakae.

Nyumba ya Amsterdam ina kuta mbili ndefu za pembeni, zinazoanzia mbele na kwenda hadi bustanini nyuma. Sakafu ya kila ghorofa imelala juu ya boriti nene za mbao zinazotoka ukuta mmoja hadi mwingine, yaani zinavuka upana wa nyumba. Upana wa nyumba ni urefu wa boriti. Ukitaka nyumba pana zaidi unahitaji mti mrefu zaidi na mnene zaidi, unaotoka mbali kwa meli, maana Uholanzi haikuwa na misitu ya kutosha. Hata ukiupata, boriti ndefu mno hulegea katikati inapobebeshwa mzigo, na nyumba hizi dari zake zilikuwa maghala: nafaka, viungo, vitambaa. Aliyewahi kukaa kwenye nyumba ya mawe ya Lamu hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu anajua chumba chake kilikuwa chembamba kwa sababu ya urefu wa boriti ya mkoko, na hakuna aliyemwambia kuwa ni kodi.

Usinikubalie tu. Boti inapokata kona kuingia mfereji mwembamba kama Leidsegracht au Reguliersgracht, tazama nyumba za kona. Za kona peke yake ndizo zinazokuonyesha ukuta wa pembeni, ambao kwa nyumba nyingine umefichwa na jirani. Utaona vyuma vyeusi vimebandikwa kwenye matofali, vimepangwa mstari mmoja mmoja, kila ghorofa na mstari wake. Wengi hudhani ni mapambo. Kila chuma kimeshika kichwa cha boriti kwa ndani ili ukuta usiachane na sakafu. Ukivihesabu unahesabu boriti. Halafu geuza macho kwenye ukuta wa mbele wa nyumba hiyo hiyo: madirisha makubwa, yamepangana karibu karibu, matofali kidogo katikati. Inawezekana kwa sababu ukuta wa mbele haubebi sakafu. Unajibeba wenyewe tu, kwa hiyo waliweza kuutoboa watakavyo ili mwanga ufike ndani ya nyumba ndefu yenye giza katikati. Wembamba na yale madirisha makubwa ni jambo moja, na hadithi ya kodi haiwezi kueleza dirisha hata moja.

Kuna pia uzito. Chini ya mji huu ni tope na mboji, na mchanga mgumu wa kwanza uko kiasi cha mita 12 chini. Nyumba zimesimama juu ya nguzo za misonobari zilizopigiliwa hadi kwenye mchanga huo, na vikosi vya wanaume waliovuta uzito mkubwa kwa kamba na kuuachia, wakiimba ili wavute pamoja. Jumba la Kifalme pale kwenye uwanja wa Dam, lililoanza kujengwa 1648, linatajwa kuwa na nguzo 13,659. Watoto wa shule huikariri namba hiyo kwa kuchukua siku 365 za mwaka, wakaweka 1 mbele na 9 nyuma. Nguzo hizo haziozi mradi zibaki chini ya maji, kwa sababu kuvu wanaokula mbao wanahitaji hewa. Ndiyo maana maji ya mifereji huwekwa usawa ule ule mwaka mzima, sentimita 40 chini ya kipimo rasmi cha usawa cha Amsterdam, na hakuna kupwa wala kujaa. Anayeniambia hii ni Venice ya kaskazini, ule mji wa Italia ambao maji yake hupwa na kujaa, namwomba atazame ukuta wa gati: mstari wa maji uko pale pale asubuhi na jioni.

Vitabu vya wageni huishia hapo, nguzo zimezama, kila mtu ametulia. Mimi siwezi kuwaambia abiria kwamba mambo yako salama. Kuna bakteria wanaokula msonobari polepole hata pasipo hewa. Tope nalo likishuka huning'inia kwenye nguzo na kuivuta chini. Na nguzo zile zilipigiliwa kwa ajili ya mikokoteni na mashua, si malori.

Tuje kwenye kuinama, ambako nako kuna fujo. Watu huchanganya mambo mawili. Nyumba iliyolalia upande, ikamwegemea jirani, nguzo zake zimeshuka bila kulingana. Nyumba inayoinamia mbele kuelekea mfereji, mara nyingi ilijengwa hivyo makusudi tangu siku ya kwanza. Maelezo ya kawaida ni kapi: juu kabisa kuna boriti iliyotokeza nje yenye kulabu, mzigo unapandishwa kwa kamba hadi darini, na ukuta ulioinama mbele unaufanya mzigo usigonge madirisha njiani. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama kama za mnazi, kwa hiyo hata leo makabati na vitanda hupitia dirishani. Ni maelezo mazuri na nayatumia, ila hayanitoshelezi. Wengine wanasema ni kukinga matofali na mvua. Wengine wanasema ni mazoea yaliyobaki kutoka nyumba za mbao, ambazo kila ghorofa ilitokeza kidogo kuliko ya chini yake. Wanahistoria hawajaafikiana, na mimi nadhani sababu zote tatu zilikuwepo, kila fundi na yake. Abiria hupenda jibu moja. Nawapa matatu, wakinuna wanune.

Ukitaka kujua kama nyumba iliyolalia upande bado inatembea, usitazame ukuta, tazama fremu za madirisha. Fremu ikiwa imepinda pamoja na ukuta, juu yake na chini yake vimelala upande mmoja, basi ilikuwepo nyumba ilipoinama. Fremu ikiwa imenyooka sawasawa ndani ya ukuta uliopinda, na pembeni yake kuna kabari nyembamba ya mbao au saruji iliyojaza pengo, basi fundi aliiweka upya baada ya nyumba kutulia. Na ukiona ufa mpya umepanda kwa ngazi kwenye matofali juu ya fremu iliyonyooka, haijatulia. Hayo yote unayaona ukiwa umekaa kwenye kiti, boti ikipita taratibu.

Kuna jambo linalonisumbua kuhusu kazi yenyewe. Kuta za gati nazo zimesimama juu ya nguzo za mbao. Septemba 2020 kipande cha ukuta wa Grimburgwal kilianguka ndani ya maji katikati ya mji, na Amsterdam ina karibu kilomita 200 za kuta za namna hiyo zinazohitaji kukaguliwa au kujengwa upya. Lawama kubwa huenda kwa malori, kwa haki. Lakini propela ya boti inayogeuka mahali pembamba inasukuma maji kwa nguvu chini, na maji hayo huchimba udongo kwenye miguu ya ukuta. Boti ya umeme haitoi moshi wala kelele, jambo ambalo ni heri kwa wote, ila propela yake inachimba kama ya dizeli. Nageuza polepole kadiri niwezavyo. Sina hakika kama hiyo inatosha.

Turudi kwenye upana, maana kuna sehemu ya hadithi ya kodi inayonikera kuliko hesabu zake mbaya. Inamfanya mwenye nyumba aonekane mtu mdogo mjanja anayembania mtoza kodi. Boti ikifika Herengracht, kati ya Leidsestraat na Vijzelstraat, kwenye kile kipande kinachoitwa Kona ya Dhahabu, nyumba zinapanuka ghafla hadi mara mbili. Hizo ni za walionunua viwanja viwili. Kwa kawaida zina mlango katikati na ukumbi mrefu nyuma yake, vyumba kulia na kushoto, na kuta za ukumbi ndizo zinazopokea boriti. Hata tajiri hakuushinda urefu wa boriti, aliongeza ukuta. Karibu na hapo, namba 502, ndipo anapoishi meya wa mji. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, iliyosafirisha na kuuza watumwa. Kuna bamba la kumbukumbu mbele yake. Tarehe 1 Julai 2021 meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji. Nikipita hapo napunguza mwendo na kulisema hilo kwa ukamilifu, kwa sababu aliyeuliza kwa nini nyumba fulani ni pana anastahili kuambiwa pesa zilitoka wapi.

Halafu kuna mbili ambazo ningemwonyesha yule mwalimu kama njia yetu ingepita huko. Kloveniersburgwal namba 29 kuna Trippenhuis, iliyojengwa 1660 hadi 1662 kwa ajili ya ndugu wawili wa ukoo wa Trip, wafanyabiashara wa silaha. Mabomba yake ya moshi yamechongwa kwa sura ya mizinga. Upana wake ni mita 22. Ng'ambo ya mfereji, namba 26, kuna nyumba isiyofika mita 3. Lakini ile pana ni nyumba mbili nyuma ya uso mmoja, kila ndugu na yake, na ukuta umepita katikati. Ili usijulikane, madirisha ya katikati yaliwekwa ya uongo.

Boti nyingi kubwa za saa moja hazipiti Kloveniersburgwal. Kabla ya kulipa uliza njia, chagua ndogo iliyo wazi ikiwa hakuna mvua, maana paa la kioo hurudisha mwanga na vilele huvioni vizuri, na kaa tezi, yaani nyuma ya boti, karibu na nahodha, uweze kumuuliza. Akikwambia ni kodi, mwonyeshe vyuma vya nyumba za kona.