"Si Umekaa Tu?" Maumivu ya Washonaji wa Viwandani

Karibu kila wiki napokea mshonaji kutoka viwanda vya nguo vya Athi River, na wengi huanza kwa kujitetea: "Daktari, mimi hukaa tu. Sibebi kitu." Shingo haigeuki, bega limekaza kama ubao, lakini anaona haya kulalamika kwa sababu jirani yake anapakia mawe kwenye lori. Hata nyumbani huambiwa hivyo hivyo: si umekaa tu?

Msuli hupata damu vizuri unapokaza na kulegea, kukaza na kulegea. Anayepakia mawe hukaza anapoinua, akitua hulegea. Mshonaji ameinamia sindano, mikono iko mbele, na shingo inashikilia kichwa cha kilo 4 au 5 bila kulegea mpaka saa ya chakula. Msuli uliokazwa muda wote huo huibana mishipa yake yenyewe ya damu. Maumivu yake ni ya kweli, hata kama hakuinua chochote.

Mkono ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba kati ya mifupa na ukanda mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja, yaani mshipa wa fahamu. Ukikunja kifundo huku ukivuta kitambaa kwa nguvu siku nzima, utando wa kano huvimba na neva hubanwa. Mgonjwa huamka usiku mkono umekufa ganzi, akaukung'uta mpaka upate nafuu. Mimi humuuliza habari ya kidole cha mwisho. Kama hicho hakina ganzi, naamini zaidi kwamba neva imebanwa kwenye njia hiyo, maana neva ya kidole hicho haipiti humo. (Kisukari na ujauzito navyo huleta hali hii, kwa hiyo huuliza pia.) Tafadhali usingoje hadi nyama ya chini ya kidole gumba inywee. Ikifika hapo, nguvu ya kushika huenda isirudi yote.

Wengi hunijia baada ya miezi ya kumeza dawa za maumivu, kisha wanarudi kwenye benchi lile lile lisilo na egemeo, lenye kimo kimoja kwa mfupi na mrefu. Kiti kipandishwe au kishushwe mpaka meza iwe usawa wa kiwiko. Kanyagio lisogezwe karibu. Kila fungu la vipande likiisha, mikono ishushwe ubavuni kwa sekunde 30. Wasimamizi huniambia sekunde hizo zinakula hesabu ya siku. Sikubali: mwenye ganzi hushona, hufumua, kisha hushona tena.

Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri airekebishe sehemu ya kazi imfae mfanyakazi. Ile ya fidia, ya mwaka huo huo, inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Kwa hiyo ukifika kliniki usiseme tu kwamba mkono unauma. Eleza unashona nini, saa ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na uombe yaandikwe kwenye kadi yako.