Je, Serikali ya Marekani Hulazimika Kununua Bidhaa za Magereza?

Husemwa mara nyingi kwamba idara za serikali kuu ya Marekani hazina budi kununua samani na sare kutoka kwa shirika la viwanda vya magereza, linalojulikana kibiashara kama UNICOR, hata pale mfanyabiashara mdogo anapotoa bidhaa bora kwa bei nafuu. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1934, kweli lilipewa kipaumbele na sheria, na kwa miaka mingi malalamiko hayo yalikuwa na msingi.

Hata hivyo, baada ya sheria na kanuni kurekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, afisa manunuzi hutakiwa kwanza kuchunguza soko na kulinganisha bei, ubora na muda wa kufikisha bidhaa. Akiona kwamba bidhaa ya magereza hailingani na zilizopo sokoni, hufungua ushindani, ambao waweza kutengwa kwa ajili ya biashara ndogo, na uamuzi huo ni wake, si wa shirika. Kwa upande wa huduma, kipaumbele cha lazima hakipo kabisa.

Linalosahaulika ni kwamba katika ushindani huo UNICOR nayo sharti ialikwe, hata zabuni ikiwa imetengwa kwa wafanyabiashara wadogo. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye hoja nzito zaidi ya kulalamikia, kwa kuwa mfungwa hulipwa takriban kati ya senti 23 na dola 1.15 kwa saa, ujira ambao hakuna mwajiri wa kawaida anayeruhusiwa kuulipa.