Mishipa iliyovimba miguuni: matibabu bila upasuaji mkubwa

Mshipa ukizibwa, damu itapita wapi?

Matibabu haya huuziba mshipa uliovimba, na wengi huyaahirisha kwa hofu hii. Damu ya mguuni hurudi moyoni hasa kupitia vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ndani, katikati ya misuli. Mshipa uliovimba chini ya ngozi una vali (vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma) zilizolegea, hivyo damu iliyopaswa kupanda inateremka na kutuama. Ukizibwa, damu hupita kwenye vena zenye afya na mguu hupata nafuu. Kwa hiyo lazima kwanza upimwe kwa ultrasaundi ya Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyotiririka, ionekane vali zipi zinavuja na kama vena za ndani ziko salama. Usikubali kutibiwa na mtu aliyeutazama mguu kwa macho tu.

Unazibwaje?

Daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kupitia tundu la sindano, akifuatilia kwenye ultrasaundi. Huzungushia mshipa ganzi ya majimaji, ambayo huzuia maumivu na pia hukinga ngozi na neva zisiungue. Kisha joto la leza, au la mawimbi ya redio (karibu 120°C), huunguza kuta za mshipa huku mrija ukivutwa nje, na mshipa hujifunga. Unakuwa macho muda wote, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Matawi madogo hudungwa dawa ya povu. Ipo pia gundi ya kitabibu, isiyotumia joto.

Nikifika nyumbani nijilaze?

Hapana, tembea! Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kwenda juu, na kutembea hupunguza hatari ya damu kuganda. Ukikaa, inua mguu. Usisimame palepale kwa muda mrefu. Soksi za kubana huvaliwa siku kadhaa hadi wiki mbili, kadiri daktari atakavyoelekeza. Zisikunjamane wala kujiviringisha juu, maana hapo hukaba. Mwenye ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) zilizoziba miguuni asizivae kabla ya kupimwa.

Michubuko ni kawaida. Baada ya siku chache unaweza kuhisi kitu kigumu kama kamba kikivuta ndani ya paja: ni mshipa unaosinyaa, nao hulainika wenyewe. Safari ndefu za kukaa zisubiri ruhusa ya daktari.

Dalili gani zisisubiri kesho?

Mguu kuvimba ghafla au shavu la mguu kuuma sana huenda ni damu iliyoganda kwenye vena ya ndani. Kifua kikiuma, pumzi zikikata au ukikohoa damu, kimbilia idara ya dharura mara moja.

Nikiona nimepona, kwa nini nirudi kliniki?

Kwa sababu ultrasaundi ya marudio huonyesha kama mshipa umeziba kweli na kama bonge la damu halijasogea hadi kwenye vena ya ndani, hata usipohisi chochote. Mishipa mingine nayo inaweza kulegea miaka ya baadaye, hasa kwa mwenye asili hiyo katika ukoo au anayepata ujauzito tena. Mjamzito kwa kawaida husubiri hadi ajifungue ndipo atibiwe.