Kujaribu programu pembeni: maana yake nini?

Toleo la majaribio ni programu unayopewa uitumie bure kwa muda. CorelDRAW hutoa siku 15, nyingine 7 au 30, kisha inajifunga. Hilo kila mchoraji wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, analijua. Kinachowachanganya wengi ni kujaribu pembeni: kulitumia toleo jipya huku lile la zamani, lenye kazi za wateja, likibaki vilevile lilivyokuwa.

Watu hudhani inatosha kuchagua folda nyingine wakati wa kusakinisha. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini programu haikai ndani ya folda yake tu. Inaandika mipangilio kwenye rejista ya Windows (daftari la ndani la mipangilio ya kompyuta), inaongeza fonti, inaacha folda iliyofichwa kwenye akaunti yako, na mara nyingi inajitwalia kazi ya kufungua faili za aina fulani. Basi siku moja unabofya kadi ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya utambulisho kabla ya ndoa) ya mteja, nayo inafungukia kwenye toleo jipya bila wewe kugundua. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Balaa ni Ctrl+S, yaani kuhifadhi.

Mimi niliibonyeza. Wiki mbili baadaye majaribio yakaisha, na toleo langu la zamani likakataa faili ile: imehifadhiwa na toleo jipya kuliko hili. Mteja alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anataka herufi moja tu irekebishwe katika jina la ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi. Nilichora kadi nzima upya, na ssenga mwenyewe akipiga simu kila baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo pembeni ina viwango. Cha chini ni nidhamu tu: toleo jipya linafungua nakala, kamwe si faili yenyewe, na ukimaliza kusakinisha unairudishia programu ya zamani kazi ya kufungua faili zake. Ukisahau hilo, siku ya kuliondoa toleo la majaribio faili zako zinaweza kubaki na alama ya karatasi nyeupe, na Windows inakuuliza ifungue kwa kutumia nini. Programu chache hujitenga zenyewe: tangu toleo la 67 la mwaka 2019, kila Firefox unayosakinisha huwa na wasifu wake, yaani mipangilio na alamisho zake peke yake.

Kiwango cha juu ni kuipa programu nyumba yake kabisa. Windows Sandbox, iliyokuja 2019, hufungua dirisha lenye Windows tupu ndani ya Windows yako. Unasakinisha humo, unachezea utakavyo, ukilifunga kila kitu kinafutika. Kila kitu, pamoja na kazi uliyosahau kuitoa nje. Umeme ukikatika na betri imekufa, ndiyo basi. Kesho unasakinisha tena toka mwanzo, kwa hiyo faili ya kusakinishia ihifadhi nje, bando lisiliwe mara mbili. Na kama Windows yako ni ya aina ya Home, huduma hiyo huna.

Mashine pepe, mfano ile ya VirtualBox, hutunza kazi hata ukiizima, na unaweza kuirudisha kwenye hali ya jana. Ila ni kompyuta ndani ya kompyuta: laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itajikokota kama boda inayopanda mlima na abiria watatu. (Wapo wanaoirudisha nyuma ili siku za majaribio zianze upya. Huko si kujaribu tena, ni kukwepa leseni.)

Kwa kazi yetu, kuna jambo ambalo humo ndani huwezi kulipima vizuri: rangi itakavyotoka kwenye karatasi. Windows Sandbox kwa kawaida haioni hata printa yako. Mimi hutoa PDF, naipeleka nje, nachapa ukurasa mmoja kwa programu ileile ya siku zote, halafu naushika mlangoni kwenye mwanga wa jua.